Mji Kasoro Reli

Watu wa Morogoro wanaishi Mji Kasoro Bahari na wala hawanuni. Nawaonea wivu. Jina lao halimdanganyi mtu: milima ipo, mboga zipo, bahari hakuna, anayeitaka apande basi. Mwanza ni Rock City, na mawe unayaona mwenyewe kabla hujashusha begi. Sisi wa Mtwara tumepewa Kuchele. Yaani kumekucha! Sasa maji hayatoki, umeme umekatika, na mji umeshatangaza asubuhi. Tujitetee vipi?

Zamani neno hili halikuwa na makuu. Bibi akigonga dirisha, "Kuchele!", maana yake amka, shika jembe, mikorosho inakungoja. Ikaja habari ya gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati. Mwaka 2012 ujenzi wa bomba la kwenda Dar ukaanza, na Kuchele ikavaa suti. Vijiweni tukaambiana Mtwara inakuwa Dubai. Mwenye nyumba wangu, mwenye vyumba vya popo darini, akapandisha kodi na kuitaka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nikamuuliza, kulikoni mzee wangu? "Kumekucha, baba."

Mwaka 2013, katika vurugu za kupinga bomba hilo, watu walilia na wengine wakazika. Hapo sitii mzaha. Mwaka 2015 bomba likazinduliwa, gesi ikashika njia ya Dar. Kodi haikushuka hata senti.

Kuchele ikahamia uwanjani. Ndanda FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikawa Wana Kuchele, tukajaa Nangwanda Sijaona kushangilia. Mwaka 2020 timu ikashuka, jina likagoma kushuka nayo. Siku hizi jirani yangu umeme ukikatika usiku anapiga kelele gizani, "Kucheleee!", na mtaa mzima unacheka.

Wageni kutoka Dar nao wana lao: "Ntwara", wanasema, wakibana pua kutuigiza. Sawa. Wao wanaishi Bongo, mji wa wenye akili, na akili zote hizo ziko kwenye foleni tangu alfajiri.

Basi juzi kijiweni nikapendekeza jina la haki: Mji Kasoro Reli. Hoja ninayo. Tuna kata nzima inaitwa Reli. Waingereza walitandika njia ya Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga, mradi ukafutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni nayo ikaaga. Leo mgeni akiulizia stesheni, tunamwonyesha bodaboda.

Wenzangu wakapiga makofi. Mzee mmoja akaweka chini kikombe cha kahawa, akanishika mkono.

"Mwanangu, punguza sauti. Reli ya Mbamba Bay iko kwenye mipango. Wenye nyumba wakikusikia unaitaja, kodi inapanda leo leo."