Mchawi Mwenye Kadi ya Mgao

Uchawi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, una vituko vyake. Mchawi, tunaambiwa, hupaa usiku hadi mjini Mbarara na kurudi kabla ya adhana, lakini kukicha yumo kwenye foleni ya mgao, kadi mkononi, visigino vimepasuka, pamoja na majirani anaodaiwa kuwaroga. Anakausha mahindi ya watu kwa jicho tu, ila bati la kuezekea limemshinda. Na anayetajwa ni nani? Mjane, bibi asiye na wana, mtoto wa kambo. Mwenye duka la jumla hatajwi, ingawa utajiri wake ndio ungehitaji maelezo. Pepo nao wana adabu: wakipanda kichwani mwa mtu kwenye maombi humtaja jirani fukara, si mtoa sadaka nono.

Mtasema uchawi hauonekani, mahakama itaupimaje? Haya, jirani aliuona kwa macho gani? Sheria ya Uchawi ya Uganda ilitungwa mwaka 1957, mwaka mmoja kabla ya Nakivale kuanzishwa, na iliruhusu aliyetiwa hatiani afukuzwe kwake. Chini ya sheria hiyo, mtu mmoja, Salvatori Abuki, alifungwa, kisha akaamriwa asikanyage nyumbani miaka 10, hadi Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha amri hiyo mwaka 1997. Kongo, walikotoka wengi wa Nakivale, inakataza katika Katiba ya 2006 kumsingizia mtoto uchawi. Mipaka wamevuka na godoro, sufuria na watoto; kifungu hicho, inaonekana, kilikosa nafasi kwenye lori.