Watu 17 Wanaitazama Keki ya Shangazi

Ilikuwa Ijumaa usiku, maharage yako jikoni, mimi niko sebuleni na simu, natafuta blenda. Niliyoipenda iliuzwa shilingi 89,000, na juu yake palikuwa na saa nyekundu inayorudi nyuma: ofa inaisha baada ya dakika 9 na sekunde 47. Chini yake pameandikwa, zimebaki mbili tu. Chini zaidi, watu 23 wanaitazama blenda hii sasa hivi.

Mke wangu akapita na kanga begani. "Kwani usiponunua leo kiwanda kinafungwa?"

"Zimebaki mbili," nikamjibu bila kuinua macho, "na sisi tuko 23."

Nikaanza kubofya kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Jina, namba ya simu, mtaa, kadi ya benki. Ukanijia ukurasa wa uanachama wa dhahabu, mwezi wa kwanza bure. Kitufe cha kukubali kilikuwa kikubwa na cha kijani kama mlango wa msikiti. Cha kukataa kilikuwa mstari mwembamba wa kijivu, umeandikwa: "Hapana, mimi sipendi kuokoa pesa." Jamani, mimi nina wazazi. Mtu mwenye watoto wawili na kodi ya nyumba atasemaje kwa kidole chake mwenyewe kwamba hapendi kuokoa pesa? Nikajiunga.

Nilipomaliza kulipa nikarudi kutazama jinsi wale 22 walivyonikosa. Saa ilikuwa imeanza upya, dakika 10 kamili. Blenda zilikuwa bado mbili. Ndipo nikasikia harufu. Maharage yalikuwa yameungua hadi sufuria.

Kilichoniuma si maharage, ni kwamba mimi ni mtoto wa Dar es Salaam, na hila ile naijua kwa jina la baba na la ukoo. Pale stendi ya Ubungo ya zamani, mpiga debe alikushika mkono kama mgonjwa: "Mmoja tu, mzee, gari inaondoka!" Dereva anakanyaga mafuta, basi linasogea hatua mbili. Unarukia ndani, unakuta siti karibu zote zina watu, roho inatulia. Basi linarudi nyuma hatua mbili. Kisha abiria mmoja anashuka kununua maji. Wa pili anamfuata. Wa tatu kakumbuka haja ndogo. Baada ya nusu saa mmebaki wanne na kuku. Wale wengine walikuwa kazini.

Nilipigwa hivyo mara nyingi nikiwa mwanafunzi, nikaapa sitapigwa tena. Sikujua basi lenyewe litahamia kwenye simu.

Mwezi uliofuata benki ikanitumia ujumbe: shilingi 12,500 zimekatwa, uanachama wa dhahabu. Nikasema hili dogo, najitoa. Kujiunga kulinichukua sekunde moja. Mlango wa kutokea niliutafuta kwa robo saa, nikaupata chini ya "Mipangilio", ndani ya "Akaunti", ndani ya "Mengineyo". Nikafikishwa kwenye picha ya dubu anayelia. Nikampita dubu. Nikaulizwa sababu ya kuondoka, nichague moja kati ya tisa. Nikachagua. Mwishowe swali likaja wazi: "Unataka kughairi uanachama wako?" Na vitufe viwili: GHAIRI na ENDELEA.

Msomaji, kaa hapo kidogo. Nikibofya GHAIRI, naghairi uanachama au naghairi kughairi? Nikibofya ENDELEA, naendelea kujitoa au naendelea kukaa? Nimefaulu Kiswahili kidato cha nne, lakini mbele ya vitufe vile nilikuwa sawa na mtu asiyejua kusoma. Nikabofya ENDELEA. Wakanipongeza: "Asante kwa kuendelea kuwa nasi!" Dubu alikuwa anacheka.

Nikarudi tena kesho yake. Safari hii nikakuta njia ya tatu, kitufe kizuri cha bluu, "Pumzika". Nikaona ndiyo lugha yao ya kistaarabu ya kusema kwaheri. Nikabofya, nikalala usingizi wa haki.

Baadaye nilisoma kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2010 mtaalamu wa Uingereza, Harry Brignull, alizikusanya hila hizi na kuzipa jina moja la Kiingereza, ambalo ukilileta kwetu ni kama kusema "mitindo ya giza". Mwaka 2023 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya FTC, iliishtaki Amazon ikidai kwamba iliwaingiza watu kwenye uanachama wa Prime bila ridhaa yao, kisha ikaifanya njia ya kutoka kuwa ndefu makusudi. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, ndani ya kampuni njia hiyo ilipewa jina la Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki kuhusu vita vya Troy. Vita hivyo vinasimuliwa kwamba vilichukua miaka kumi. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2025, Amazon ikatoa dola bilioni 2.5 bila kukiri kosa. Mimi nilijisikia fahari kidogo. Kumbe dubu wangu ana ndugu wakubwa.

Ungedhani mtu aliyepitia hayo amejifunza. Nilijifunza kweli, ila nilichojifunza kilikuwa ni namna ya kufanya.

Dada yangu anaoka keki Tabata, na kwa sababu mimi ndiye wa ukoo ninayejua kompyuta, akaniomba nimtengenezee tovuti. Nikaifanya kwa mapenzi. Juu ya kila keki nikaweka saa nyekundu. Nikaandika programu fupi ya kuchagua namba yoyote kati ya 11 na 30, ili pasomeke watu wangapi wanaitazama keki hiyo. Usinicheke peke yangu: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipekua maduka ya mtandaoni kama 11,000, na kati ya waliyoyakuta ni tovuti zilizokuwa zikibuni namba za wateja vivyo hivyo. Mishumaa na kofia za karatasi nikavitia tiki mapema, atakayesahau kuviondoa avilipie. Na kwa anayekataa keki ya ngazi mbili, nikamwandalia kitufe: "Hapana, mwanangu hastahili keki nzuri."

Mteja wa tatu alikuwa shangazi yetu wa Tanga, anamnunulia mjukuu aliyeko Dar keki ya shilingi 65,000. Alinipigia simu saa tatu usiku, sauti iko chini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Baba, hawa watu 17 wanaoitazama keki yangu ni akina nani?"

Nikakosa jibu.

"Nimefunga simu, nimefungua, sasa wamekuwa 26. Wanaongezeka. Mtoto ana miaka mitano, baba. Kijicho cha watu 26 atakiweza?" Alikuwa ameshasoma dua, ameshaweka ubani, na alitaka nimpe majina yao ili ajue aanze na nani.

Nikajaribu kumweleza kwamba hakuna watu. Hapo ndipo nilipokosea.

"Hakuna watu? Sasa aliyeandika wapo ni nani?"

Wiki iliyofuata alipanda basi akaja. Kikao kikakaa sebuleni kwa dada: shangazi kwenye kochi kubwa, dada pembeni, mke wangu karibu na mlango ili asikose kitu. Shangazi akatoa karatasi aliyoandika kwa kalamu ya wino. Keki 65,000. Mishumaa 6,000. Kofia 9,000. Jumla 80,000. "Mjukuu wangu ana kichwa kimoja," akasema. "Kofia 12 za nini?"

Nikasema kisanduku kilikuwa na tiki, ilibidi aiondoe.

"Niondoe nisichokiweka?"

Shangazi hajawahi kufika Ulaya, lakini hukumu yake ni ile ile iliyomo kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011: malipo ya ziada ambayo mteja aliyakuta yameshatiwa tiki, anarudishiwa. Nikatoa 15,000 mfukoni mwangu. Dada hakunizuia.

"Sasa soma," shangazi akasema. "Soma yote, na yale madogo ya chini. Nisomee kama unaniuzia."

Nikasoma. Jina la keki, bei, usafiri, vikatoka vizuri. Kwenye saa, sauti ikaanza kupwaya. Kwenye watu 17 nikasoma haraka haraka kama konda anayeitwa na trafiki. Nilipofika kwenye kitufe cha mwisho nikatazama juu. Shangazi ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua surua. "Hapana, mwanangu..." nikasema, nikanyamaza. Maneno matatu tu yalikuwa yamebaki, "hastahili keki nzuri" na nukta, nayo yalikataa kutoka. Kidole kilikuwa kimeyaandika bila shida. Mdomo ndio uliogoma.

"Endelea," shangazi akasema.

"Au nighairi?" mke wangu akadakia kutoka mlangoni.

Mwaka 2023 India ilitoa mwongozo unaotaja aina 13 za hila hizi na kuzikataza. Nimejipima nazo. Kwenye tovuti ya keki peke yake nilikuwa na tatu: haraka ya uongo, kutumbukiza vitu kwenye kikapu cha mteja, na kumwaibisha anayekataa. Lakini mimi sasa natumia kipimo cha kochi. Neno lolote nisiloweza kumsomea shangazi usoni, halikai kwenye kitufe.

Nikafuta pale pale, wote wakisimamia. Ikabaki picha ya keki, bei pamoja na usafiri, na vitufe viwili vyenye ukubwa mmoja: "Nunua" na "Sinunui leo". Shangazi akavaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Sasa hapa ni dukani," akasema. "Kule kwa kwanza ulinipeleka stendi."

Simu yangu ikatetemeka mezani. Ujumbe wa benki: shilingi 12,500, uanachama wa dhahabu. Mapumziko yalikuwa ya siku 30, na yamekwisha.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Stendi, shangazi," nikasema. "Wanasema gari inaondoka."