Peni Nne kwa Maili

Mjomba wangu wa Kisauni ana hakika kuwa serikali ya Uingereza hunilipa kwa kuendesha gari langu mwenyewe. Habari ilimfikia kupitia dada yangu, aliyeipata kwa mama, aliyeisikia kwangu huku simu ikikatikakatika. Jioni ile kundi la familia likajaa pongezi, na binamu mmoja akatuma picha ya friji bila maelezo.

Nikampigia mjomba kumfafanulia. Kazi yangu hapa Leicester ni kuhudumia wazee majumbani: huyu namwogesha, yule nampa dawa, wa tatu anataka tu mtu wa kumlalamikia mvua. Mlango hadi mlango natumia kigari changu. Mwaka huo, 2023, mamlaka ya kodi, HMRC, ilimruhusu mwajiri alipe hadi peni 45 kwa maili bila kukatwa kodi, kwa maili 10,000 za kwanza. Kiwango hicho kiliwekwa 2011. Petroli ikapanda, chenyewe kikakaa. Mwajiri wangu alilipa 25.

“Basi serikali inakupa 20 zilizobaki!”

“La, mjomba. Inanisamehe kodi ya hizo 20. Nakatwa asilimia 20, kwa hivyo napata peni 4.”

Kimya.

“Nne kwa siku?”

“Kwa maili.”

“Maili nzima?”

Nikamsikia akimwambia mtu kando kuwa mtandao ni mbaya.

Maili 1,000, basi, ni pauni 40, na pauni hizo haziji kwa kuitwa. Kila safari iandikwe: tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, maili ngapi. Kutoka nyumbani kwenda ofisini hakuhesabiwi. Baridi ilipopasua lami nikatumbukia shimoni, tairi likaenda na rimu yake. Hilo nalo halidaiwi kando. Petroli, bima, fundi, vyote vimo katika zile 45, gari liwe Range Rover au changu kinachokohoa. Nikimbeba mwenzangu wa kazi, mwajiri anaweza kuniongezea peni 5 kwa maili. Asipotaka, sina pa kuzidai. Hapo naona nimeonewa, maana mwenzangu huyo huimba.

Mwaka wa kodi wenyewe huisha tarehe 5 Aprili, masalio ya kalenda iliyobadilishwa 1752. Hilo tu ndilo halikumshangaza mjomba. Yeye ni mvuvi, huhesabu miongo yake tangu Nairuzi, na aliona kwamba hapo angalau Waingereza wana akili.

Akanishauri nihamie baiskeli. Nikamwambia baiskeli kiwango chake ni peni 20, na mwajiri hulipa zote 20, kwa hivyo nafuu yangu ingekuwa sifuri.

Akafikiri kidogo.

“Basi mwanangu, ukienda kwa hao wazee, pitia njia ya mbali.”