Sisi Tumejipanga

Wanaodai kaya za Iringa hazijajiandaa kwa dharura hawajawahi kuingia kwetu. Na wasingeweza: madirisha yana nondo, geti la mlango lina makufuli mawili, na funguo anazo baba, ambaye yuko Makambako. Mwizi haingii. Moto ukija utatukuta wote nyumbani, kama inavyopasa familia yenye maadili.

Julai, baridi inapofika mfupani, jiko la mkaa linahamia chumbani na tambara linaziba upenyo wa chini ya mlango, joto lisipotee bure. Sumu ya mkaa haina rangi wala harufu. Hatujapata mgeni mstaarabu kama huyo. Petroli ya bodaboda nayo inalala uvunguni, jirani na mishumaa, tusihangaike kuvitafuta gizani umeme ukikatika.

Kwenye simu tuna namba za MC, mpambaji na fundi keki. Ile ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, tumewaachia wenye shida. Harusi ina kamati, mweka hazina na vikao vya miezi. Moto hauna makuu: unakuja bila kadi.

Wala asiseme mtu kwamba sisi ni wazito. Likitokea la kutokea, mara turubai limefungwa, viti vimepangwa na daftari la rambirambi limefunguliwa.

Kupiga 114 ni bure. Turubai linakodiwa kwa fedha taslimu. Kila kaya ichague kinacholingana na hadhi yake.