Si Mimi, Afande, ni Gari

Mjomba hukubali kifaa kipya kikishakuwa kikuukuu kwa wenzake. Gari lake lilikuja kutoka Japani likiwa limetumika, na mpaka leo linamwamkia kwa Kijapani kila anapowasha. Vile vitufe vya kwenye usukani hakuwa na habari navyo, hadi kijana wa gereji alipomfundisha kruzi: fikisha mwendo unaoutaka, bonyeza, toa mguu, gari litaushika lenyewe.

Tangu hapo safari ya Dar kwenda Dodoma imegeuka mkutano wa hadhara. Mguu ukipata likizo, mdomo unachukua zamu. Na hapo ndipo ninapomhurumia Ralph Teetor, mhandisi kipofu wa Marekani aliyebuni kifaa hiki. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye kila alipoongea akiendesha, gari lilikwenda kwa kushtukashtuka. Kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza ndani ya magari yake mwaka 1958. Masikini Teetor alitaka dawa ya dereva muongeaji, asijue mjomba ataifanya kuwa ruhusa.

Safari moja, tulipoipita Gairo barabara ikafunguka. Mjomba akaweka 80, akavua makobazi, akakunja mguu mmoja kitini na kuanza habari za bei ya mahindi. Mama, ambaye ni dada yake, alikuwa nyuma akivuta uradi kwa sauti inayozidi kupanda.

Tukakuta tuta. Mjomba akashusha mguu, akakanyaga breki, na kruzi ikajitoa kama inavyotakiwa. Baada ya tuta akabonyeza kitufe cha kurejesha, akakunja tena mguu. Sasa kruzi haina macho, ina kumbukumbu tu, na ilichokumbuka ni 80. Mbele yetu ilikuwa Kibaigwa: kibao cha 50, malori ya mahindi, na guta linavuka bila haraka. Gari likakaza mwendo. Mjomba akatafuta breki, breki ikagoma kushuka. Kobazi lilikuwa limejipenyeza chini ya pedali.

"Kaka, kitufe!" mama akapiga ukelele. Kitufe kikazima kruzi, gari likalegea, guta likapita salama. Tochi ya trafiki nayo ilikuwa imeshafanya kazi yake.

"Afande, si mimi niliyeongeza mwendo, ni gari."

"Haya mzee, nipe leseni ya gari."

Faini ikawa 30,000. Mama alicheka hadi Dodoma.

Binafsi sina ugomvi na kruzi. Hupumzisha goti. Lakini mvua ikinyesha izime, maana tairi zikiteleza yenyewe huendelea kudai mwendo wake. Kwenye mteremko kama Kitonga usithubutu. Kruzi nyingi za magari yetu ya zamani hazijui kukanyaga breki. Iwashe barabara ikiwa kavu, nyoofu na tupu, usingizi ukiwa mbali. Mguu ukae jirani na breki, na viatu vikae miguuni.




Na ukiona kibao cha 50, usibonyeze kitufe cha kurejesha kabla hujaimaliza Kibaigwa yote.