Namna ya Kumtambua Mjusi wa Kale Asiyejulikana na Mtu

Kwanza, fika. Panda basi, shuka Lindi mjini, kisha ulizia kilima cha Tendaguru. Usiguse jembe kabla ya kupata kibali. Mifupa iko porini na vibali viko mjini, kwa hiyo utaujua mji vizuri sana.

Pili, uone mfupa inavyotakiwa. Kuuona kwa macho hakutoshi: wenyeji walikuwa wakiipita mifupa hii, na hawakuhesabiwa. Ugunduzi umeandikwa kuwa wa 1906, alipopita Bernhard Sattler, mhandisi wa madini Mjerumani. Kama huna cheo, usiseme umegundua. Sema umejikwaa.

Tatu, safirisha. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu walichimba Tendaguru, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wao. Wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 kwa miguu hadi bandari ya Lindi, meli ikamalizia safari ya Ujerumani. Fuata utaratibu huo. Mfupa ukibaki kijijini huitwa jiwe, na jiwe hujengewa jiko.

Nne, linganisha. Ipange pingili yako ya uti wa mgongo kando ya pingili zote zinazojulikana, utafute kishimo au ukingo ambao mjusi mwingine hana. Ukipata, usishangilie. Akitokea mtaalamu akasema huyo ni mtoto wa aina ya zamani, mjusi wako amekufa mara ya pili.

Tano, toa jina, ukihakikisha halina mwenyewe. Mwaka 1908 mtaalamu Eberhard Fraas alichagua Gigantosaurus. Kumbe lilishatumika Uingereza, likabadilishwa 1911. Werner Janensch naye mwaka 1914 alimwita jitu la Tendaguru Brachiosaurus. Leo wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Kibao cha jina usichonge kwa mninga. Andika kwa chaki.

Sita, subiri heshima yako. Boheti alipewa mjusi wake, Australodocus bohetii, mwaka 2007, karibu karne nzima baada ya kazi. Ni pingili mbili za shingo, na haikupita miaka mingi wataalamu wakamhamishia ukoo mwingine. Ukitaka kumwona usihangaike kumtafuta Lindi. Yuko Berlin, viza omba mapema.