Faida Kabla ya Hasara

Mhasibu wa kawaida hutoa gharama kwenye mapato. Kinachobaki ni faida, kisipobaki kitu ni hasara, naye huinamisha kichwa. Mhasibu aliyesoma sana hainamishi. Anacho kipimo kiitwacho EBITDA, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mali. Faida kabla wenye madai hawajabisha hodi, kwa maneno mengine.

WeWork ya New York, iliyokodi majengo kwa mikataba ya miaka mingi na kuyapangisha kwa mwezi mwezi, iliona kipimo hicho bado kina roho mbaya. Mwaka 2017 ilipata hasara ya dola zaidi ya milioni 900. Basi mwaka 2018, ilipokwenda kukopa kwa hatifungani, ikaja na EBITDA "iliyorekebishwa kijamii". Humo waliondoa pia gharama za matangazo, za utawala, hata za usanifu. Hasara ikageuka faida ya dola milioni 233, na hatifungani zikanunuliwa.

Mangi wa mtaani kwetu akisema duka linalipa sana ukiacha bei ya unga, kodi ya fremu na mshahara wa kijana, nduguze wataitisha kikao usiku huohuo. WeWork ilithaminiwa dola bilioni 47 mwanzoni mwa 2019.

Novemba 2023 ikaomba mahakama iikinge na wadai. Wadai, kwa ushamba wao, walitaka pesa ambazo hazijarekebishwa.